Nyoka Anapochanganya Mkono na Panya: Kutatua Matatizo ya Ulaji kwa Nyoka wa Kufugwa

Kila baada ya wiki tatu, Jumamosi usiku mida ya saa tatu, nanyanyua koleo la chuma, lile la kubania panya wakati wa kulisha, kutoka kwenye rafu anayokaa Shanga. Panya bado yuko jikoni kwenye bakuli la maji moto, harufu yake haijafika chumbani. Lakini koleo likishakwaruza ule ubao, Shanga anatoa kichwa pangoni, anakiinua kama vidole vitatu juu ya matandazo, na ulimi unaanza kutoka na kuingia polepole. Siku nyingine zote nikipita hapo hajishughulishi nami kabisa.

Shanga ni chatu mfalme, Python regius, yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi na Kati ambaye akiogopa hujikunja akawa kama mpira. Nimeishi naye miaka sita hapa Uingereza. Koleo hilo ndilo lililonionyesha kwamba nyoka hujifunza, tena anajifunza kutoka kwangu hata nisipokusudia kumfundisha. Mwaka 1999 David Holtzman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha utafiti juu ya nyoka wa mahindi (corn snake), nyoka asiye na sumu anayefugwa sana. Waliwaweka kwenye uwanja wenye matundu kadhaa, moja tu likiwa la kutokea, na nyoka wakajifunza lilipo, wakawa wanalifikia haraka zaidi kadiri walivyorudia zoezi. Kwa hiyo yule anayesema nyoka wake "hana akili, ana ukali tu" naye anamfundisha kila siku. Hajui tu anamfundisha nini.

Wafugaji wenzangu wanaponiuliza juu ya nyoka anayegoma kula, anayerusha kichwa kama anataka kuuma, au anayecheua, yaani kutapika alichomeza, nachunguza mambo matatu kwa mpangilio huu: joto, mazoea, maradhi. Wengi huanza na la mwisho, wakakimbilia dawa, kumbe themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto la kizimba, imezimika tangu wiki iliyopita.

Neno moja kabla hatujaendelea. Haya yanahusu nyoka wasio na sumu waliozaliwa kizimbani, kama tunaowafuga wengi wetu huku Ulaya na Marekani. Kenya na Tanzania nyoka ni wanyamapori chini ya sheria, ile ya Kenya ya 2013 na ile ya Tanzania ya 2009, na kumtoa porini ukamweka nyumbani bila kibali ni kosa. Tena unamwonea. Wa porini hukonda na kujaa vimelea kabla hata hajazoea kuta nne.

Anarusha kichwa kila mlango ukifunguka

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na ndilo linalofanya nyoka wengi wauzwe au watelekezwe. Kwanza jua anarusha kichwa kwa njaa au kwa hofu, kwa sababu tiba zake hazifanani.

Nyoka mwenye hofu hujivuta nyuma. Shingo anaikunja, kichwa anakificha kwenye mikunjo, anapumua kwa mlio kama tairi linalotoa upepo. Akigonga, anagonga na kuachia palepale, maana anachotaka ni wewe uondoke. Mwenye njaa hana kelele. Anakusogelea. Macho yanafuata kila kinachotikisika, ulimi unatoka taratibu, shingo imejipinda kama herufi S, na akishika haachii, anajizungusha kwenye alichokishika kama anavyofanya kwa panya. Ukimtazama dakika moja nyuma ya kioo kabla hujafungua, utajua unashughulika na yupi.

Kama ni hofu, mpe mapango mawili yanayombana vizuri, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, funika kioo pande tatu, punguza kumshika kwa wiki mbili, kisha anza upya kwa dakika tano tano. Hapo hakuna siri kubwa.

Kama ni njaa, fanya hesabu. Mwezi uliopita umefungua kizimba mara ngapi, na mara ngapi kati ya hizo mlango ulifuatiwa na panya? Aliyefungua mara nne, tatu zikiwa za chakula, amemfundisha nyoka somo lile lile ambalo Ivan Pavlov aliwafundisha mbwa wake kule Urusi: ishara hii ikija, chakula kinafuata. Mbwa walitoka udenda. Nyoka anarusha kichwa. Chatu ana jambo la ziada: kando ya midomo yake kuna vishimo vinavyohisi joto, na mkono wako unaoingia kizimbani ni kitu chenye joto kinachosogea mahali panapoingiliaga panya. Amekisia alivyofundishwa.

Mimi nililipata somo hili kwa Kaniki, nyoka mfalme mweusi wa Meksiko. Nilimchukua akiwa wa mwaka mmoja, na kwa uoga wangu nikawa namfungulia siku ya kula tu. Mwezi wa tatu akanikamata kidole gumba. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi ung'ongo wangu ukawa kila tikisiko la kichwa cha Kaniki: akigeuka tu, navuta mkono kwa kishindo. Kwa nyoka anayewinda, kitu kinachoruka na kukimbia ndicho mawindo. Nilikuwa namchokoza kwa woga wangu mwenyewe, na yeye akazidi kuamini kwamba pale mlangoni pana windo.

Kilichotusaidia ni ishara mbili zisizochanganyika. Ya chakula ni koleo, ambalo siligusi kwa kazi nyingine yoyote. Ya mkono ni kulabu, ile fimbo yenye ncha iliyopinda. Nikitaka kumshika, nafungua, nasubiri, kisha namgusa kwa kulabu katikati ya mwili, nampapasa kidogo kuelekea mkiani. Simgusi kichwa wala sisukumi. Siku za mwanzo alikuwa akigeukia kulabu na kuinusa. Baadaye nikawa naona badiliko dogo sana lakini la wazi: ile S ya shingo inalegea, kidevu kinashuka juu ya mgongo wake, na ulimi unaanza kwenda haraka haraka, kama wa nyoka anayekagua mahali pageni. Hapo ndipo mkono unaingia, kutokea ubavuni wala si juu, polepole bila kusitasita, na unamwinua kwa kumbeba mwili mzima.

Pamoja na kulabu, niliongeza idadi ya mara za kufungua. Kubadilisha maji, kuokota kinyesi, kusogeza gogo, au kufungua tu nikasimama na kufunga. Kati ya mara kumi, chakula kilikuja mara moja, na kila mara hiyo moja kilitanguliwa na koleo. Ilichukua wiki sita hivi. Kaniki bado ni mlafi, lakini sasa koleo lisipoonekana, mlango haumwambii chochote.

Makosa mawili huharibu kazi hii. La kwanza ni kushika panya kwa mkono na baada ya dakika chache kumshika nyoka. Nawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, hata kama ulichoshika ni sungura au kuku wako wa kufuga. La pili ni kukata tamaa wiki ya pili na kurudi kufungua siku ya chakula pekee.

Utasikia pia ushauri wa kumhamishia nyoka kwenye sanduku jingine wakati wa kula ili asihusishe kizimba na chakula. Siukubali. Unamsumbua kabla ya kula, halafu unalazimika kumnyanyua akiwa na tumbo lililojaa na akili bado iko kwenye mawindo. Wengi walioumwa wakati wa kulisha ambao nimeongea nao waliumwa wakati wa kurudisha.

Amegoma kula

Chatu mfalme amesifika kwa hili. Nyoka wa mahindi akigoma wiki tatu nashtuka; chatu mfalme aliyekomaa akigoma miezi miwili nachukua mizani.

Anza na joto. Sahau kile kipimajoto cha mshale kinachobandikwa kwenye kioo, maana kinapima kioo. Weka cha waya, ncha yake ilale sakafuni pale nyoka anapolala. Chatu mfalme anahitaji nyuzi 31 hadi 33 upande wa joto na 24 hadi 27 upande wa baridi. Nyoka wa mahindi nyuzi 28 hadi 30 zinamtosha upande wa joto. Nyoka aliyepoa hawezi kusaga chakula, na mwili wake unajua hivyo kabla yako.

Kisha tazama macho. Yakiwa na ukungu wa bluu na tumbo limekuwa la waridi, anakaribia kujivua gamba. Mwache, ongeza unyevu ufike asilimia 70, na mpe chakula baada ya gamba kutoka. Tazama pia kalenda na jinsia. Madume wengi wa chatu mfalme hupoteza hamu miezi ya kujamiiana, na majike hugoma wakibeba mayai. Nyoka mgeni naye apewe wiki nzima bila kushikwa kabla ya kujaribiwa.

Panya mwenyewe huwa chanzo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Aliyetolewa kwenye friza ayeyuke usiku kucha kwenye friji, halafu aingizwe kwenye mfuko wa plastiki na kutumbukizwa kwenye maji moto mpaka mwili ufike karibu nyuzi 38, kichwa kikiwa ndicho chenye joto zaidi. Mkaushe. Usimtie kwenye maikrowevu, anaiva sehemu na kupasuka. Ukubwa wake usizidi sana unene wa nyoka pale aliponenepa. Kwa mkubwa kama Shanga mwenye kilo moja na nusu, natumia panya wa gramu 80 hivi.

Yote yakiwa sawa na bado anagoma, jiulize amejifunza nini kuhusu chakula. Mfugaji mwenye wasiwasi huleta panya kila baada ya siku mbili, anamtikisa mbele ya pua ya nyoka robo saa nzima, anamgusisha mdomoni. Nyoka anajificha. Kesho kutwa, tena. Baada ya mwezi, panya aliye kwenye koleo amekuwa ishara ya usumbufu, na nyoka anageuza kichwa koleo likionekana tu. Dada mmoja aliniandikia chatu wake alikuwa akikimbilia chini ya bakuli la maji kila akiona koleo. Nilimwomba afanye jambo gumu kuliko yote, yaani asifanye kitu. Siku kumi na nne hakuna chakula, hakuna kushikwa, maji tu. Kisha usiku, taa zimezimwa, panya wa moto awekwe kwenye kipande cha gamba la mti mbele ya mlango wa pango, na yeye atoke chumbani mpaka asubuhi. Mara ya kwanza panya alikutwa palepale. Mara ya pili, siku kumi baadaye, hakukutwa.

Kati ya jaribio na jaribio ziache siku saba hadi kumi. Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni iliyotengwa kwa ajili yake. Aliyekomaa akipoteza asilimia 10 ya uzito, au mtoto asiyekula na kukonda, apelekwe kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia. Vivyo hivyo anayepumua mdomo wazi, mwenye mapovu puani au mate mazito. Huyo usisubiri mizani.

Anamkamata panya kisha anamwacha

Hapa mara nyingi panya amepoa au ameloa. Mpashe kichwa kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha jaribu tena.

Ipo sababu nyingine inayonivutia sana. Mwaka 2012 Scott Boback na wenzake walionyesha kwamba boa, nyoka mwingine anayeua kwa kubana, akimbana mawindo huhisi mapigo ya moyo wake na kuyatumia kujua akaze kwa nguvu gani na mpaka lini. Panya wa friza hana mapigo. Ndiyo maana Shanga akishambana, naupa mkia wa panya mvuto mdogo kwa koleo, mara mbili au tatu, kama windo linalojitahidi. Anakaza. Baada ya hapo nazima taa na kuondoka, kwa sababu nyoka anayetazamwa kwa karibu hudondosha chakula ili awe huru kukimbia.

Anataka panya hai tu, au aina moja tu

Nyoka hushika harufu ya alichozoea kula, na wapo wanaoshikilia hiyo harufu kwa miaka. Kumpa panya hai siungi mkono. Panya aliyebanwa kwenye kona huuma, na nimeona chatu mwenye kidonda kilichofika kwenye mfupa wa mgongo. Panya naye huteseka bila sababu.

Badilisha kwa ngazi. Anza na aliyeuawa sasa hivi, mwili ukiwa na joto lake, kisha wa friza aliyepashwa vizuri. Ukihama kutoka aina ya kipanya mdogo (mouse) kwenda aina ya panya mkubwa (rat), mviringishe panya kwenye matandazo yaliyotumiwa na vipanya, harufu imgande. Nyoka wadogo waliozoea mijusi au ndege wanasaidiwa vivyo hivyo, kwa kusuguliwa panya kwa unyoya wa kifaranga. Kuhusu ndege kuna msingi: porini chatu mfalme madume na watoto hupanda miti na kula ndege kwa wingi kuliko majike, ambao huwinda zaidi panya wa mashimoni.

Na hapa kuna jambo linalonifurahisha mimi mtu wa Morogoro. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wakishindwa kabisa na chatu mfalme, humtafutia panya wa Kiafrika wanaomzalisha maalumu, Mastomys. Ni ukoo wa panya shamba yule yule anayetumalizia mahindi, ambaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamemchunguza kwa miongo mingi ili kuokoa mavuno. Mkulima anamlaani, chatu anamfuata kwa harufu. Angalizo ni kwamba nyoka akishamwonja, wengine hukataa kabisa kurudi kwa panya wa kawaida, na Mastomys ni ghali. Tumia matandazo yake kwanza, kabla hujamtumia panya mwenyewe.

Amecheua

Usimlishe tena kesho, hata kama anaonekana na njaa. Amepoteza maji na asidi ya tumbo, na koo limeungua. Mwache siku 10 hadi 14 akiwa na maji safi, kisha mpe windo dogo, nusu ya ukubwa wa kawaida au chini ya hapo. Likikaa tumboni, mara mbili zinazofuata ziwe ndogo pia.

Huku ukisubiri, tafuta chanzo. Upande wa joto ulikuwa na nyuzi ngapi usiku ule? Panya alikuwa mkubwa mno, au bado ana barafu tumboni? Na swali ambalo watu hulijibu kwa sauti ndogo: ulimshika baada ya kula? Mpe saa 48 kamili, na zaidi kama uvimbe wa chakula bado unaonekana. Mwili wa chatu anayesaga chakula unafanya kazi nzito kupita kiasi. Kwa chatu wa Burma wanasayansi wamepima moyo ukiongezeka uzito kwa asilimia 40 ndani ya siku mbili baada ya mlo. Huo si wakati wa kumvalisha shingoni upigwe picha.

Akicheua mara mbili mfululizo na joto liko sawa, usijaribu ya tatu nyumbani. Kuna kimelea, Cryptosporidium, kinachonenepesha kuta za tumbo la nyoka, na dalili zake ni kucheua kunakojirudia pamoja na uvimbe katikati ya mwili. Mtenge na nyoka wengine, mhudumie wa mwisho, vifaa vyake visichanganyike.

Ameng'ang'ania mkono, au anajiuma mwenyewe

Usivute. Meno yake yamepinda kuelekea kooni, ukivuta unajichana na unayavunja. Mpeleke chini ya bomba la maji baridi, yamwagike puani na mdomoni. Asipoachia, anza kumzungua kutoka mkiani, kisha sukuma kichwa mbele kidogo kuelekea kwenye mkono, meno yatoke, ndipo umtoe. Osha jeraha kwa sabuni, kwa ajili ya bakteria wa salmonela. Kisha mrudishe taratibu na umwache. Ukimtupa kizimbani kwa hasira umeshampa somo jipya.

Anayejiuma mwenyewe, hasa nyoka wafalme kama Kaniki, mara nyingi ana harufu ya panya mwilini kutokana na kula katikati ya mikunjo yake. Maji baridi yanafaa hapa pia, na mlo ujao uwekwe mbali na mwili. Pima joto vilevile, kwani nyoka aliyezidiwa na joto huchanganyikiwa. Nyoka wafalme hula nyoka wengine, kwa hiyo kamwe usiweke wawili kizimba kimoja.

Ukilazimika kwenda kwa daktari, beba daftari. La kwangu lina safu tano tu: tarehe, uzito, joto la sakafu, alichopewa, alichofanya. Ongeza kinyesi kibichi kwenye kichupa safi, picha ya kizimba kizima, na kama alicheua, alichocheua kikiwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kwenye friji na si kwenye friza.